Mlango wa Dola, Mlango wa Raia

Magari ya watalii yanayokwenda Karatu hutoka Arusha kwa barabara ya Dodoma. Kabla mji haujaisha hupita makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kisha ni mwendo hadi Makuyuni, kona ya kulia, Mto wa Mbu, kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Karatu yenyewe, na hatimaye lango la Lodoare inapoanzia Ngorongoro. Wachache ndani ya magari hayo wanajua kwamba kwenye eneo lilelile la TANAPA, katika Kituo cha Uhifadhi cha Mwalimu Julius Nyerere, ndipo zilipo ofisi za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia Tanzania kutoka Addis Ababa mwaka 2007. Mahakama ya haki za watu ni jirani wa wenye hifadhi. Mfugaji wa Loliondo akiambiwa hilo anaweza kucheka, anaweza pia kununa.

Tarehe 12 na 13 Februari 2025 mahakama hiyo ilisikiliza shauri ambalo halikuwa na mfano katika historia yake: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Rwanda, dola mbili zikishitakiana. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umeangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Mawakili walipofunga mafaili yao, zilibaki siku chache tu Bukavu nayo ianguke. Kongo ilikuwa imefungua shauri hilo Agosti 2023, ikidai kwamba Rwanda, kwa kuwasaidia waasi hao, imevunja haki za raia wa mashariki mwa nchi. Rwanda, ambayo siku zote hukana kuidhamini M23, ilipinga mamlaka ya mahakama na ikataka maombi yote yatupwe.

Hakuna aliyedhani kwamba Kinshasa ilikuja Arusha ikitarajia majaji wawatoe wapiganaji Goma. Mahakama haina askari. Inachoweza kutoa ni kumbukumbu yenye muhuri: nani alifanya nini, wapi, kwa nani. Karatasi ya namna hiyo ina bei yake mezani kwa wapatanishi na mbele ya wafadhili, na Kongo imekuwa ikiitafuta kwa zaidi ya robo karne.

Ilianza mwaka 1999, katikati ya vita vilivyoingiza majeshi ya nchi kadhaa katika ardhi yake. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilitawanya mashitaka kila palipokuwa na mlango. Juni mwaka huo ilizishitaki Uganda, Rwanda na Burundi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Mwaka huohuo ikapeleka malalamiko dhidi ya nchi hizohizo tatu kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul. Miongoni mwa mambo iliyolalamikia ni kutekwa kwa bwawa la umeme la Inga mwaka 1998, tukio lililokata umeme hadi hospitalini. Mwaka 2003 Tume iliamua kwamba nchi hizo tatu zimevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulikuwa mzito, lakini Tume hutoa mapendekezo tu, na mapendekezo hayana dalali wa kuyakazia.

The Hague ilizaa zaidi, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Shauri dhidi ya Burundi liliondolewa mwaka 2001. Dhidi ya Rwanda, Kongo ilifungua upya mwaka 2002 na Februari 2006 ikaambiwa kwamba mahakama haina mamlaka, kwa kuwa Rwanda haikuwahi kukubali kushitakiwa pale. Uganda ndiyo iliyobanwa: hukumu ya Desemba 2005, kisha fidia ya dola milioni 325 iliyotangazwa Februari 2022, ilipwe kwa mafungu matano ya kila mwaka. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11.

Kwa hiyo Rwanda ilikuwa imeponyoka The Hague kwa hoja ya mamlaka. Arusha hali ni tofauti. Rwanda iliridhia itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika mapema kabisa, Kongo ikaridhia mwaka 2020, na kwa itifaki hiyo dola mwanachama inaweza kumshitaki mwenzake bila ruhusa ya ziada. Raia ndiye anayehitaji ruhusa. Ibara ya 34(6) inasema mtu binafsi au asasi ya kiraia haiwezi kuishitaki nchi mpaka nchi hiyo iwe imeweka tamko maalumu la kukubali.

Rais Julius Nyerere wa Tanzania hakuwa hata na mlango wa dola. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwaka 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulihimiza usuluhishi na ukasita kumlaani mvamizi. Tanzania ikajibu kwa mizinga. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, Amin akiwa ameshakimbia.

Wazungu waliufungua mlango wa dola mapema zaidi na kuutumia kwa hasira zaidi. Ireland iliishitaki Uingereza mwaka 1971 kwa jinsi ilivyowatendea mahabusu wa Ireland ya Kaskazini. Georgia ikaishitaki Urusi, Ukraine nayo ikafanya hivyo kuanzia 2014, na Armenia na Azerbaijan zikafunguliana mashauri vita vya mwaka 2020 vikiwa bado vya moto. Strasbourg, yaliko makao ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, imekuwa uwanja wa pili wa vita vya Ulaya.

Huku kwetu kuna kinyume kinachostahili kuangaliwa: wakati dola zinajifunza kuutumia mlango wao, zinaufunga wa raia. Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016, siku chache kabla ya kusikilizwa kwa shauri la mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire, ikisema watuhumiwa wa mauaji ya kimbari wangeitumia mahakama kama jukwaa. Tanzania, mwenyeji wa mahakama na nchi iliyokuwa ikishitakiwa kuliko zote, ilifuata Novemba 2019. Kujitoa kwake kulianza kufanya kazi Novemba 2020.

Hapo ndipo Ngorongoro inapoingia. Agosti 2017 maboma ya wafugaji yalichomwa Loliondo, wilayani Ngorongoro, na vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vikaenda mahakamani Arusha. Havikwenda Mahakama ya Afrika. Vilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo haimlazimishi mdai amalize kwanza mahakama za nyumbani, ila humpa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Serikali ilishikilia kwamba wafugaji waliondolewa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wanakijiji walisema ni ardhi ya vijiji. Septemba 2018 mahakama iliagiza wasifukuzwe huku shauri likiendelea.

Hukumu ikiwa bado inasubiriwa, Juni 2022 askari waliingia Loliondo kuweka vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500. Polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wanakijiji wakajeruhiwa kwa risasi, wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya kutibiwa. Tarehe 23 ya mwezi huohuo, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika iliiamuru Kenya iwalipe Waogiek wa msitu wa Mau fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 kwa kuwaondoa katika ardhi ya mababu zao. Kenya haijawahi kuweka tamko. Waogiek waliingia kwa mlango wa pembeni, kwa kuwa Tume ya Banjul ndiyo iliyofungua shauri kwa niaba yao mwaka 2012. Ilichukua miaka kumi.

Vijiji vinne vya Loliondo vilishindwa Septemba 2022, majaji wakisema havikuthibitisha kwamba maboma yaliyochomwa yalikuwa nje ya hifadhi. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kiliitengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya.

Kongo nayo imebisha hodi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ikiishitaki Rwanda baada ya kujiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lakini ushindi wake wa kwanza wa mahakamani dhidi ya Rwanda ulitoka kwa majirani wa TANAPA. Tarehe 26 Juni 2025 Mahakama ya Afrika ilizikataa pingamizi za Rwanda na kusema ina mamlaka ya kulisikiliza shauri. Kesho yake mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili walisaini makubaliano ya amani Washington. Madai yenyewe ndiyo yanayofuata sasa. Watakaotajwa ndani yake ni watu wa Goma, Bukavu na Rutshuru, lakini hakuna hata mmoja wao aliye mdai. Kongo, kama Kenya, haijaweka tamko la ibara ya 34(6), na Rwanda imeliondoa lake. Mkazi wa Goma akitaka kuishitaki mwenyewe mojawapo ya serikali hizo mbili kwenye mahakama hiyohiyo, shauri lake litakwama kwa kukosa tamko.