Barabara za majanichai Kericho na Bomet zapita juu ya historia ya vita na ardhi

BARABARA za changarawe zinazokatiza mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet zilichongwa kwa ajili ya malori na matrekta ya kusafirisha majani mabichi hadi viwandani, wala hakuna aliyekusudia kuzifanya uwanja wa michezo. Hata hivyo, kwa mwendesha baiskeli mwenye tairi pana na mapafu imara, ni vigumu kupata njia zinazozishinda humu nchini. Magari ni machache, milima ni mifupi lakini mikali, na kila bonde lina kijito na daraja lake.

Mchezo wa kuendesha baiskeli katika barabara zisizo na lami ulipata sura mpya nchini Kenya mwaka wa 2021, yalipoanzishwa mashindano ya Migration Gravel Race, ya siku 4 na umbali wa takriban kilomita 650 katika eneo la Mara, kusini mwa Bomet. Kikosi cha Team Amani kiliwapa waendeshaji wa Afrika Mashariki nafasi ya kupimana nguvu na mabingwa kutoka Ulaya na Marekani. Nahodha wake, Suleiman Kangangi, alifariki dunia Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya aina hiyo jimboni Vermont, Marekani.

Uwanda wa Mara una wanyamapori na upeo wa macho. Nchi ya chai ina kitu kingine: ni vigumu kupita kilomita chache humo bila kukanyaga mahali palipopiganiwa, palipochukuliwa au palipohamwa.

Safari inayofaa zaidi huanzia kaskazini, kwenye reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901, wakati ambapo sehemu hii ilikuwa bado ikihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Ilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1902. Kutoka Mau Summit, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, reli huteremka kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi Kisumu, ambako mwinuko ni mita 1,100 na ushei. Wahandisi walilazimika kujenga madaraja mengi ya chuma juu ya makorongo ya mteremko huo. Baiskeli hufuata mabonde yaleyale, na mwendeshaji huelewa upesi, kwa breki zake, kazi waliyoifanya.

Kipkelion iliitwa Lumbwa enzi za ukoloni, jina ambalo Wazungu waliwapa Wakipsigis na ambalo wenyewe hawakulipenda. Karibu na mji huo ndipo watawa wa Kikatoliki wa shirika la Trappist walipojenga abasia yao mwaka wa 1956. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka, abasia hiyo iligeuka kimbilio la watu waliofukuzwa makwao. Watawa nao walihamia Uganda mwaka wa 2008. Mpita njia anayedhani kwamba vita katika milima hii ni habari za babu zake tu, na akumbuke mwaka huo.

Fort Ternan ina kumbukumbu mbili zisizolingana kabisa kwa umri. Jina lake linatokana na Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyehudumu Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Lakini kwa wanasayansi duniani, Fort Ternan ni mahali ambapo Louis Leakey alipata, mwaka wa 1961, mabaki ya kiumbe aliyeitwa Kenyapithecus wickeri, wa jamii ya nyani wakubwa, aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Sehemu ya pili ya jina hilo inamuenzi Fred Wicker, mkulima ambaye mabaki hayo yalipatikana shambani mwake.

Kutoka hapo kuelekea Kericho ni kupanda. Mwendeshaji asiye na gia nyepesi atashuka na kusukuma, na hakuna aibu katika hilo.

WANAJESHI NA KITANI

Mashamba makubwa yanayouzunguka mji wa Kericho, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, hayakuanza na chai. Yalianza na vita. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kumalizika mwaka wa 1918, serikali ya kikoloni ilitafuta ardhi ya kuwapa wanajeshi wake Wazungu kama shukrani. Mwaka wa 1919 ekari 25,000 zilikatwa kutoka hifadhi ya Wakipsigis na kutengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, chini ya mpango uliojulikana kwa kifupi kama BEADOC.

Zao walilochagua ni kitani. Wakati wa vita, nyuzi za kitani zilihitajika sana kwa maturubai na kwa vitambaa vilivyofunika mabawa ya ndege, na bei yake ilipanda ajabu kwa kuwa Urusi na Ubelgiji, waliokuwa wauzaji wakuu, walikuwa wamekatika na soko. Amani iliporejea, bei iliporomoka. Maafisa wale, baadhi yao wakiwa wamepoteza viungo, walijikuta na deni na zao lisilo na mnunuzi. Mpango ukavunjika katika miaka michache tu.

Hapa ndipo swali zito linapojitokeza. Mpango uliposhindwa, ardhi haikurudishwa kwa waliokuwa wameondolewa. Ilipitishwa kwa kampuni za chai: Brooke Bond iliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, na James Finlay, kupitia kampuni yake ya African Highlands, ikafuata wakati huohuo. Safu za vichaka vya kijani zilizonyooka kama zilizopigwa rula, ambazo leo hupamba kalenda na kadi za posta, zilipandwa juu ya shukrani ya vita waliyolipiwa wengine. Ikumbukwe pia kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika walitumikia jeshi lilelile kama wapagazi, wengi wakafa kwa maradhi na njaa, wala hakuna aliyewakatia ekari hata moja.

Kampuni zenyewe zimebadilika mikono. Mashamba ya Brooke Bond yaliingia chini ya Unilever mwaka wa 1984, kisha yakauzwa mwaka wa 2022. Yale ya Finlay yalinunuliwa mwaka wa 2023 na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Madai ya ardhi hayakubadilika kwa mauzo hayo.

WALIOHAMISHWA

Ukoo wa Talai ndio ulioumia zaidi. Ukoo huo ndio uliotoa viongozi wa kiroho walioitwa Orkoiyot, miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen Oktoba 19, 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegei, alikuwa ameweka makao upande wa Wakipsigis. Naye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni mwaka wa 1914 pamoja na wenzake wawili.

Serikali haikuridhika na kuwaondoa viongozi peke yao. Mwaka wa 1934 ilitunga sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo mzima, na watu wapatao 700 wakapelekwa Gwassi, katika kaunti ya sasa ya Homa Bay, mahali palipojulikana kwa mbu na mbung'o. Waliruhusiwa kurejea karibu na wakati wa uhuru, mwaka wa 1962, wakakuta ardhi yao ina wenyewe. Agosti 2022, wawakilishi wa Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa niaba ya watu zaidi ya 100,000.

Mji wa Kericho wenyewe unastahili nusu siku. Lipo Kanisa la Kianglikana la Holy Trinity, la mawe, lililojengwa kwa mtindo wa vijiji vya Uingereza. Lipo hekalu la Masingasinga, linalohusishwa na Baba Puran Singh, fundi aliyeishi hapa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza na kuwa kiongozi wa dini mwenye wafuasi wengi. Kanisa Kuu la Sacred Heart, lililofunguliwa mwaka wa 2015, lina paa la vigae linaloinuka taratibu kama mlima wenyewe, na huonekana kutoka mbali. Mashariki mwa mji, kando ya barabara ya Nakuru, kuna bustani ya miti ya Chagaik na bwawa lake, mahali pazuri pa kupumzisha miguu.

KUELEKEA BOMET

Kusini mwa Kericho mandhari hubadilika bila kutangaza. Mashamba makubwa huisha, na mahali pake huchukuliwa na vipande vya ekari moja au mbili, chai ikipakana na mahindi, migomba na ng'ombe wa maziwa. Hii ndiyo nchi ya mkulima mdogo. Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapset na Kapkoros ni majina yaliyoandikwa kwenye viwanda vya wakulima walio chini ya KTDA, shirika lililoundwa mwaka wa 1964. Barabara hapa ni za umma, zina watoto wa shule, punda na bodaboda, na kila baada ya kilomita chache kuna kituo ambapo akina mama husubiri na vikapu vyao lori lije kupima majani. Salamu ya "Chamgei" hufungua milango mingi kuliko ramani yoyote.

Sotik ina jeraha lake. Mwaka wa 1905, Wakipsigis wa huko walikataa kurudisha mifugo waliyodaiwa kuwanyang'anya Wamaasai, na kikosi kilichoongozwa na Meja Pope-Hennessy kikatumwa kuwaadhibu. Watu wengi waliuawa kwa bunduki, na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Baadaye sehemu ya ardhi ya Sotik ilikabidhiwa walowezi, ikawa kama ukuta kati ya Wakipsigis na Wakisii.

Nje kidogo ya mji wa Bomet, mto Nyangores huanguka kwenye maporomoko ya Tenwek. Hospitali ya wamishonari iliyo jirani, ambayo asili yake ni zahanati ya miaka ya 1930, imetumia nguvu za maji hayo kuzalisha umeme wake tangu miaka ya 1980. Kutoka hapo barabara huteremka kuelekea Mara.

Anayetaka kufuata njia hii na achague Desemba hadi Februari. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe ya alasiri si jambo la ajabu. Aprili na Mei udongo mwekundu hugeuka matope yanayoshika tairi hadi gurudumu likataa kuzunguka. Kuanza alfajiri na kumaliza kabla ya saa nane mchana ni busara.

Barabara za ndani ya mashamba makubwa ni mali ya kampuni, na ruhusa huombwa langoni kwa walinzi. Ulinzi umekuwa mkali tangu Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipoteketezwa na watu waliolalamikia kupotea kwa ajira. Barabara kuu ya Kericho-Nakuru haifai kabisa kwa baiskeli. Katika makutano ya Londiani, Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama kando ya lami.

Vipuri vya baiskeli za kisasa havipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa, hivyo tyubu za akiba, viraka, pampu na cheni ya ziada ni lazima. Pancha ya kawaida, fundi wa baiskeli yuko karibu katika kila soko.