Kitovu Kilichotoa Ushahidi Minamata

Kwetu mtu akitaka kusema kwamba yeye ni mzaliwa wa mahali fulani, husema kuwa ndipo kilipozikwa kitovu chake. Wajapani wana desturi nyingine: hukikausha kitovu cha mtoto na kukihifadhi nyumbani katika kisanduku kidogo cha mti. Desturi hiyo ya kifamilia ndiyo iliyokuja kutoa ushahidi juu ya mojawapo ya maovu makubwa ya viwanda katika karne ya 20.

Mahali penyewe ni Minamata, mji ulio kusini mwa Japani. Tangu mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikitengeneza asetaldehaidi, kemikali yenye matumizi mengi viwandani, kwa msaada wa zebaki, na maji yake machafu yakimwagwa baharini. Sumu ikaingia katika samaki, na samaki ndio waliokuwa kitoweo cha wavuvi. Paka walitangulia kuugua, wakizunguka ovyo kama wenye wazimu. Tarehe 1 Mei 1956, daktari wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, Hajime Hosokawa, aliiarifu idara ya afya kuwa umezuka ugonjwa wa ubongo usiojulikana.

Siku zile wataalamu waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto aliye tumboni. Basi watoto waliozaliwa wakiwa na viungo vilivyokakamaa, wasioweza kusema wala kushika kitu, walihesabiwa kuwa wamepooza kwa sababu nyingine, maadamu hawakuwahi kula samaki. Mama mmoja hakulikubali neno hilo. Alimweleza Masazumi Harada, daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, kwamba samaki amewala yeye, na sumu imemwendea mwanawe tumboni. Mwaka 1962, baada ya uchunguzi wa maiti za watoto wawili, serikali iliwatambua watoto 16 kuwa waliathirika kabla ya kuzaliwa. Mama yule alikuwa amewatangulia wataalamu.

Zebaki ya namna hiyo, yaani methilizebaki, hupita kwa hila. Hujishikiza kwenye sisteini, kitu cha kawaida katika ujenzi wa protini, ikafanana na methionini, chakula ambacho mwili hukihitaji. Na mwili huifungulia mlango. Damu ya mtoto huwa na zebaki nyingi kuliko ya mamaye, hata ikatokea mama akawa na dalili chache huku mtoto akizaliwa kilema. Kwa mtu mzima sumu huharibu sehemu fulani za ubongo. Kwa mtoto ambaye chembe za ubongo wake bado zinagawanyika na kwenda mahali pake, madhara huenea ubongo mzima.

Jambo la kusikitisha ni kwamba haya yangeweza kukomeshwa mapema. Mwaka 1959 Dakta Hosokawa alimlisha paka mmoja taka za kiwanda, naye akaugua vivyo hivyo. Matokeo hayo yakafichwa. Mwezi Desemba mwaka huo huo kampuni iliwapa wagonjwa fedha za pole, kwa sharti kwamba hawatadai zaidi hata kiwanda kikibainika kuwa chanzo. Mahakama ililibatilisha sharti hilo mwaka 1973, lakini zebaki iliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968.

Miaka ilipopita, Harada alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba vitovu vilivyokauka. Vilipopimwa, kiasi cha zebaki kilipanda na kushuka kwa kufuata uzalishaji wa kiwanda, mwaka kwa mwaka. Kila kitovu kilikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa, wala hapakuwa na mtu wa kubishana nacho.

Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo. Sehemu yake moja yawahusu wachimbaji wadogo wa dhahabu, na hao tunao, kandokando ya Ziwa Viktoria. Wao huinasa dhahabu kwa zebaki kisha huichoma, pengine nyumbani penye wajawazito. Mvuke huo nao hupenya kondo la nyuma. Na zebaki inayosombwa na mvua hadi majini, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa methilizebaki, ile ile ya Minamata.