Tiba mpya ya lupasi yatia moyo, uchunguzi wa mapema bado ndiyo kinga ya figo

MAJARIBIO ya tiba inayotumia chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, zilizobadilishwa vinasaba maabara, yameonyesha matokeo ya kutia moyo dhidi ya lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili inaopaswa kuulinda. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyeko Igunga, mkoani Tabora, hatua ya kwanza ni ugonjwa wake kutambuliwa mapema.

Lupasi huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huleta homa, uchovu, maumivu ya viungo na vipele usoni, na huweza kuharibu figo. Kwa kuwa baadhi ya dalili hizo hufanana na za malaria, mgonjwa huweza kutibiwa malaria mara kadhaa kabla ya ukweli kubainika.

Katika tiba hiyo mpya, damu ya mgonjwa huchujwa ili kupata chembe nyeupe ziitwazo seli T. Seli hizo huingiziwa jeni inayoziwezesha kuzitambua na kuziangamiza seli B, ambazo ni chanzo cha kingamwili zinazodhuru viungo. Baada ya kuzalishwa kwa wingi, hurejeshwa mwilini kwa dripu.

Marekani iliidhinisha njia hiyo kwa saratani ya damu mwaka 2017, dawa ya kwanza ikiuzwa Dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2021, madaktari wa Erlangen, Ujerumani, wakiongozwa na Profesa Georg Schett, walieleza kumtibu kwa njia hiyo mwanamke wa miaka 20 mwenye lupasi. Februari 2024 walitangaza matokeo ya wagonjwa 15. Wanane wenye lupasi walitoweka dalili, na wote 15 waliacha dawa za kupunguza kinga.

Madhara yake ni pamoja na homa kali na maambukizi, na majaribio makubwa zaidi yanaendelea.

Nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, huduma inayojenga ujuzi wa kuvuna na kurejesha chembe za damu.

Kwa sasa, mkazi wa Igunga mwenye homa za kujirudia zisizo na vimelea vya malaria, pamoja na maumivu ya viungo, anahitaji vipimo vya damu na mkojo, na rufaa katika hospitali kama Nkinga, iliyomo wilayani humo, au Bugando, Mwanza. Dawa zilizopo, ikiwamo haidroksiklorokwini, zikianzwa mapema na kutumiwa bila kukatizwa, hupunguza makali ya ugonjwa na kusaidia kulinda figo.