Nani Hulipia Mafuriko ya Morogoro?

Mvua iliyonyesha Mgeta tarehe 23 Februari 1970 haikufikisha saa 3, lakini ilitosha. Zilianguka milimita 100 hivi, na miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru ikaanza kuachia udongo. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliopima madhara yake, walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalitokea mashambani na penye majani; penye msitu, mlima ulishika. Mkulima aliyeporomokewa alipoteza mazao pamoja na shamba lenyewe, na tope lile likateremka na mito kwenda kufukia mashamba ya wenzake wa bondeni.

Hatari hiyo ilikuwa inajulikana zamani. Wajerumani walikwisha kutenga msitu wa juu kuwa hifadhi, na kadiri watu walivyoongezeka Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, walilazimika kulima miteremko iliyobaki, mikali kiasi kwamba mwenye jembe husimama akiegemea mlima. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Amri yake kubwa ilikuwa moja: kila mtu achimbe matuta ya ngazi.

Kwenye karatasi ilikuwa dawa. Shambani, hasa upande wa Matombo, udongo mweusi wa juu ni mwembamba. Ukikata ngazi unaufukia, na unaobaki juu ni mwekundu usio na rutuba. Watu walichimba kwa jasho, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko walipokuwa wakilima kwa mazoea yao. Isitoshe, ardhi ya Uluguru hurithiwa kwa ukoo wa upande wa mama, na anayelima kipande leo huenda si yeye atakayekishika baada ya miaka michache. Nani atavunja mgongo kujenga ngazi za namna hiyo? Julai 1955 hasira zililipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. TANU, chama cha kudai uhuru kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, kilipata wanachama wengi milimani humo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ngazi zenyewe hazikuwa upuuzi kila mahali. Mgeta, ambako watu wanalima kabichi, njegere na viazi mviringo vya kuuza, wakulima wengi walizichonga bila kusukumwa, kwa sababu mboga ziliwalipa.

Bondeni hesabu ni nyingine. Mji wa Kilosa, mkoani humohumo, haupati maji yake Uluguru. Mto Mkondoa unateremka kutoka upande wa Dodoma na milima ya Rubeho ukiwa umesheheni mchanga. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto ulivunja tuta la kuukinga mji. Watu zaidi ya 20,000 waliathirika, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Tarehe 22 Januari 2014 ikawa zamu ya Dumila: maji yalikata barabara kuu ya Dodoma kwenye daraja. Njia ilifunguliwa baada ya siku chache; familia za vijiji jirani vya Magole na Mateteni zikabaki kwenye mahema.

Kwa nini mafuriko ya wiki moja humfukarisha mtu kwa miaka? Maji huja wakati mbegu iko ardhini na ghala limekaribia kwisha. Mwenye ekari mbili hupoteza chakula, mbegu na nguvu alizoweka, zote kwa mpigo. Hukopa au huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, kisha huenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine siku zilezile ambazo lake linahitaji palizi, kwa hiyo msimu unaofuata nao huanza na upungufu. Milimani hata ambaye shamba lake limepona huumia: barabara ya Sangasanga kwenda Mgeta ikikatika, kabichi huozea kijijini, au hununuliwa na dalali anayejua kwamba mwenyewe hana pa kuipeleka.

Mwanzoni mwa karne hii mashirika ya CARE na WWF yalijaribu kugeuza hesabu hiyo ya mkulima kubeba hasara peke yake. Uluguru ndiko chimbuko la Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, na udongo unaomomonyoka huchafua maji na kuongeza gharama ya kuyasafisha. Katika vijiji vya Kibungo, mashariki mwa milima, wakulima walianza kulipwa fedha zilizotoka kwa shirika la maji la jiji na kiwanda cha Coca-Cola ili wachimbe matuta, wapande miti na majani ya kushika udongo. Walilipwa kwa ukubwa wa eneo na aina ya kazi. Miaka 50 nyuma, asiyefanya kazi kama hiyo alitozwa faini. Lakini wanaokunywa maji ya Ruvu ni jiji tajiri lenye bili za kukusanya. Mkulima wa Magole, anayezolewa na Mto Mkundi, hana mteja wa namna hiyo upande wa chini.