Masomo Bila Kulipa: Nani Alibeba Mzigo?

Tarehe 2 Septemba 2019 watoto wa Kongo walirudi masomoni, na Serikali ikatangaza kwamba katika shule zake mzazi asilipe tena feza za primere. Wazazi walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini siku chache nyuma wengi walianza kuuliza: kama masomo ni bure, mbona feza zingali zinatoka nyumbani? Ulizo hili si dogo. Ili kulijibu, yafaa turudi nyuma, tuangalie namna masomo yalivyolipwa katika inchi yetu.

Tarehe 26 Mei 1906, Serikali ya mfalme Leopold II ilipatana na Roma. Kila misioni ya Wakatoliki ilipaswa kupewa hektari 100 ao 200 za udongo bila kulipa. Nayo misioni ilipaswa kujenga shule, watoto wafundishwe hasa kulima na kazi za mikono. Tangu 1925 Serikali ya Wabelgiji ilisaidia shule za misioni kwa feza. Basi mzazi wa siku zile hakuombwa feza nyingi. Je, hakulipa kitu? Alilipa. Mtoto aliyekwenda kusoma aliacha kuchota maji, kuchunga mbuzi, kufukuza ndege shambani, kulea wadogo wake. Na penye internati watoto wenyewe walilima na kukata kuni, wapate kula. Bei ile haikuandikwa katika kitabu cha hesabu, lakini kila jamaa iliijua. Ni sababu moja iliyofanya wasichana wengi wabaki nyumbani: mikono yao ilihitajiwa mapema.

Mwisho wa 1974 Mobutu alizitwaa shule za dini. Tarehe 26 Februari 1977 zilirudishwa kwa mapatano: dini ziongoze shule, Serikali ilipe walimu. Katika kartasi neno lilikuwa zuri. Lakini miaka ya 1980 mkoba wa Serikali ulikauka, na mshahara wa mwalimu ukaliwa na bei za soko. Mwanzo wa miaka ya 1990 walimu waliacha kazi. Hapo, mwaka wa 1992, Eklezia na chama cha wazazi walipatana kwamba wazazi watoe feza za kumtia mwalimu moyo, ndizo zilizoitwa «prime», mpaka Serikali isimame tena.

Yafaa tuseme kweli bila kujificha. Prime iliokoa shule nyingi. Lakini ilikuwa dawa ya siku chache, ikageuka chakula cha kila siku. Tena haikuishia mikononi mwa mwalimu: sehemu ilipanda mpaka ofisi za Serikali, na sehemu ingine mpaka ofisi za dini zinazosimamia shule, zetu nazo. Kila ofisi ilizoea. Mtoto asiyelipa alifukuzwa kalasini, akarudi nyumbani na kaye zake. Jamaa yenye watoto watano ilipaswa kuchagua nani asome mwaka huu na nani angoje. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya primere ni ya lazima na ni bila kulipa. Lakini miaka 13 ilipita neno hilo lingali katika kartasi.

Basi mwaka wa 2019 mzigo ulianguka chini? La, ulihama. Kaye, biki, iniforme na viatu, mzazi aliendelea kuvinunua. Segondere iliendelea kulipiwa. Watoto waliokuwa nje waliingia kwa wingi, na hilo ni jambo jema kabisa. Lakini vyumba havikuongezeka upesi, na mijini kalasi zingine zilipita watoto 100. Mzazi mwenye uwezo alimhamisha mtoto wake kwa shule ya mtu binafsi, akalipa kuliko mbele. Asiye na uwezo alimwacha akae chini, bila kitabu. Na walimu wengi hawakuwa katika listi ya mishahara ya Serikali: waliishi kwa prime tu. Ilipokatwa, walibaki mikono mitupu. Mwezi wa Oktoba 2021 walimu wa shule nyingi za Wakatoliki walikataa kufundisha. Tusisahau kwamba mwalimu naye ni baba ao mama: watoto wake walipunguziwa chakula, ili watoto wa jirani wasome bure.

Hatusemi prime irudi. Tunasema kwamba tangu 1906 masomo yetu hayakukosa mtu wa kuyalipa: mtoto kwa mikono yake, mzazi kwa mfuko wake, mwalimu kwa tumbo lake. Wengi kati yetu, tukiisha kutumwa parokiani, tutasimamia shule. Siku ile tukisikia neno «bure», tuulize kwanza nani analipa. Kisha tufungue kitabu cha hesabu mbele ya wazazi, tukianza na ukurasa wa ofisi yetu wenyewe.