Tundu Kwenye Kava ya Tapeti: Historia Fupi

Leo tuziweke kompyuta kando kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini hupenda kufuatilia jinsi mafundi wanavyofufua injini za zamani. Mara nyingi nakutana na swali ninalolijua vizuri kutoka kazini: je, tukate kitu cha zamani ili kifanye kazi mpya, au tutafute njia ya kuipitisha kazi hiyo bila kukigusa?

Mfano wangu ni injini ya V8 ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955, ya inchi za ujazo 265, yaani kama lita 4.3. Mhandisi mkuu wa Chevrolet wakati huo alikuwa Ed Cole. Juu ya kila upande wa injini kuna kava ya tapeti, bati lililoshikwa na bolti 4, linalozuia oili inayorushwa na roka isimwagike. Kava za mwanzo hazikuwa na tundu. Oili ilimiminwa kwenye mdomo uliokuwa mbele ya manifoldi.

Basi injini ilipumuaje? Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Gesi kidogo hupenya na kushuka hadi kwenye sampu, na isipotolewa, presha husukuma oili nje kupitia sili na gasketi. Chevrolet waliweka bomba nyuma ya bloku, likaelekezwa chini barabarani. Gari likikimbia, upepo uliifyonza ile gesi. Gari likiwa kwenye foleni, bomba halikufyonza chochote cha maana. Na yote iliyotoka iliingia hewani.

Los Angeles ndiko maji yalikozidi unga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mwanakemia wa Caltech, alionyesha kwamba ukungu uliowachoma watu macho ulitokana na mvuke wa mafuta na gesi za magari na viwanda vikipigwa na jua. Magari mapya yaliyouzwa California yakaanza kufungwa valvu ya PCV mwaka 1961, na kufikia 1963 ikaenea Marekani nzima. Valvu hii huacha injini yenyewe iifyonze gesi ya sampu na kuichoma tena. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lile tundu la nyuma ya bloku likaondolewa, na kupumua kukahamia kwenye kava za tapeti.

Ndiyo maana leo fundi anayefufua injini ya 1955 hushawishika kuchukua drili: tundu moja upande huu kwa PCV, jingine upande wa pili la kuingiza hewa safi. Chini ya tundu la PCV lazima aweke bati la kukinga, la sivyo valvu itanyonya oili na gari litatoa moshi wa buluu.

Lakini ngoja kidogo. Kufikia 1960 Chevrolet walikuwa wamebadilisha mpangilio wa bolti. Kava za baadaye haziingii kwenye injini za mwanzo. Kila kava halisi inayotobolewa inapungua kwenye akiba isiyoongezeka.

Maoni yangu ni haya: kama bloku bado ina tundu la nyuma, liunganishe kwa hosi na valvu ya PCV hadi kwenye manifoldi, na hewa safi iingie kupitia mdomo wa oili. Chevrolet wenyewe walifanya hivyo miaka ya 1960. Ikibidi kutoboa, toboa kava ya kuigiza, tena ikiwa mezani, kisha uioshe chembe zote za chuma.

Sisi waandishi wa programu tunalijua somo hili. Kabla ya kukata, angalia kama mlango tayari upo.

Haya, tukutane tena.