Walimu wa M Street

Mwaka 1870, miaka 5 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani, ilifunguliwa mjini Washington shule ya sekondari ya vijana weusi. Masomo yalianzia katika ghorofa ya chini ya kanisa la Presbiteri. Mwaka 1891 shule ilipata jengo lake la matofali kwenye barabara ya M, ikajulikana kwa jina la M Street. Mwaka 1916 ilihamia jengo jipya, ikaitwa Dunbar kwa heshima ya mshairi Paul Laurence Dunbar.

Sifa ya shule hiyo ilijengwa na walimu wake. Vyuo vikuu vya wazungu vilikuwa vimeanza kuwapokea wanafunzi weusi wachache, lakini kuwaajiri kama wahadhiri vilikataa. Washington nako iliendeshwa na serikali kuu, na mwalimu mweusi alilipwa sawa na mweupe, jambo lililokuwa adimu nchini humo. Ndiyo maana wasomi waliostahili kufundisha vyuoni walifundisha sekondari. Kilatini kilifundishwa na Robert Terrell, mhitimu wa Harvard, na Mary Church, mhitimu wa Oberlin. Walipooana mwaka 1891, bibi alilazimika kuacha kazi, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kufundisha.

Jina lililotangulia mengine yote ni la Anna Julia Cooper. Alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akasoma Oberlin, na mwaka 1887 akaja kufundisha hesabu na sayansi; baadaye alifundisha Kilatini. Mwaka 1902 akawa mwalimu mkuu. Wakati huo wenye mamlaka wengi waliona kwamba kijana mweusi anatosheka na ufundi wa mikono. Cooper alijua kwamba bila kuwasoma waandishi wa Kilatini Caesar, Cicero na Virgil, mwanafunzi wake hangefaulu mtihani wa kuingia vyuo vikubwa, hivyo akakataa mtaala upunguzwe. Wanafunzi wake wakapokelewa Harvard, Yale na Brown. Yeye mwenyewe akaandamwa kwa tuhuma, na mwaka 1906 akaondolewa.

Alikwenda kufundisha Missouri, na mwaka 1910 akarudi shule ile ile kama mwalimu wa kawaida wa Kilatini. Huku akilea watoto 5 wa ukoo wake, alijiendeleza kwa masomo ya shahada ya uzamivu ya chuo kikuu cha Sorbonne. Mwaka 1925, akiwa na miaka zaidi ya 60, aliitetea jijini Paris tasnifu yake juu ya msimamo wa Ufaransa kuhusu utumwa wakati wa mapinduzi, akafaulu.

Chumba cha walimu kilijaa watu wa namna hiyo. Jessie Fauset, mhitimu wa Cornell, alifundisha Kifaransa na Kilatini kuanzia 1906 hadi 1919, kisha akawa mhariri wa fasihi wa jarida la The Crisis, akachapisha mashairi ya kijana Langston Hughes. Carter G. Woodson, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, alifika mwaka 1909, akafundisha Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na historia. Mji wa Washington ulimfaa kwa sababu ya Maktaba ya Bunge, alikofanya utafiti wa tasnifu yake ya Harvard aliyoikamilisha mwaka 1912. Mwaka 1926 alianzisha wiki ya historia ya watu weusi, iliyokuja kuwa mwezi mzima.

Mwaka 1921 wanawake weusi 3 walipata shahada ya uzamivu, wa kwanza katika Marekani yote. Georgiana Simpson na Eva Dykes walikuwa walimu wa Dunbar. Wa tatu, Sadie Mossell, alikuwa amehitimu hapo.

Ubaguzi haustahili shukrani zetu kwa ajili ya shule hii. Uliwafungia wasomi milango ya vyuo, na ukawanyima watoto wengine wote wa nchi ile walimu bora kiasi hicho. Waliostahili shukrani ni walimu wenyewe, ambao hawakuacha kusoma somo walilolifundisha wala hawakumpimia mwanafunzi elimu kwa rangi yake. Charles Hamilton Houston, aliyemaliza hapo mwaka 1911, akawa mwanasheria aliyepanga mashtaka dhidi ya shule za kibaguzi. Mwaka 1954, miaka 4 baada ya kifo chake, Mahakama Kuu ya Marekani iliziharamisha.